Notisi ya siku tatu si notisi: Haki za mpangaji Sumbawanga

MVUA za uwanda wa Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo, mji wa Sumbawanga, ulio kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, huwa na matope barabarani na baridi ya kuuma alfajiri. Si msimu wa mtu kutolewa godoro, vyombo na watoto uani.

Hata hivyo, hicho ndicho kitisho kinachowaandama wapangaji wengi wa kipato cha chini. Tuchukue mfano wa mama anayeuza chakula sokoni na kupanga chumba kimoja katika Kata ya Katandala. Amelipa kodi ya pango kila mwezi kwa miaka miwili, mkono kwa mkono, bila risiti hata moja. Bati linavuja, choo kimetitia, naye amelalamika mara tatu. Siku moja mwenye nyumba anabisha hodi na kumwambia: "Nakupa siku tatu, nimepata mpangaji mwingine."

Wengi wanaoambiwa maneno hayo hufungasha virago na kuondoka. Huamini kwamba nyumba ni ya mwenyewe, na mwenyewe akishasema, basi. Imani hiyo si sahihi. Sheria za Tanzania zinamlinda mpangaji huyo, ingawa hana mkataba wa maandishi. Kinachomwangusha mara nyingi ni mambo mawili: hajui sheria hizo zinasema nini, na hana karatasi ya kuthibitisha anachokisema.

Makala haya yanaeleza haki hizo, wajibu unaoambatana nazo, mahali pa kwenda haki hizo zinapovunjwa, na pengo ambalo sheria yenyewe bado haijaliziba.

Mji unaokua, vyumba vinavyogombewa

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na Sumbawanga ikawa makao makuu yake. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa ukiwa na watu wapatao milioni moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.5. Katika kipindi hicho hicho, wakazi wa Manispaa ya Sumbawanga waliongezeka kutoka takriban 210,000 hadi zaidi ya 300,000.

Ongezeko hilo lina sababu zinazoonekana kwa macho. Barabara ya lami ya kutoka Tunduma imeusogeza mji karibu na Mbeya na mpaka wa Zambia. Biashara ya mahindi na maharage huwavuta wachuuzi, wapagazi na madereva. Vijana hutoka Kalambo, Nkasi na Bonde la Ziwa Rukwa kuja kusoma au kutafuta kibarua. Wengi wao hawaji na fedha za kujenga, hivyo huanza maisha ya mjini katika chumba cha kupanga Majengo, Chanji, Izia, Kizwite au Mazwi.

Mahitaji ya vyumba yanapozidi, mwenye nyumba ndiye anayeshika mpini. Hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hupandisha bei pindi kipindi kinapokwisha, na anayehoji huambiwa wanaosubiri chumba ni wengi. Kwa mtu ambaye kipato chake hutegemea mavuno, sharti la kulipa miezi sita katika msimu ambao ghala ni tupu ni sawa na kuambiwa akope.

Kinga iliyofutwa mwaka 2005

Wazee wa mjini bado wanakumbuka Baraza la Nyumba la Mkoa. Baraza hilo lilifanya kazi chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyochukua nafasi ya sheria iliyotangulia ya mwaka 1962. Sheria hiyo ilikuwa na kiwango cha kodi kinachopangwa, iliorodhesha sababu zinazoweza kumwondoa mpangaji, na ilimtaka mwenye nyumba apate kwanza amri ya baraza. Aliyeona hakutendewa haki alikata rufaa katika Baraza la Rufani la Nyumba.

Sheria hiyo ilikuwa na udhaifu wake. Viwango vya kodi vilibaki nyuma ya gharama halisi za ujenzi, na wenye nyumba wengi walivikwepa kwa makubaliano ya pembeni. Wakosoaji walisema inamkatisha tamaa mtu mwenye nia ya kujenga nyumba za kupangisha. Mwaka 2005 Bunge liliifuta.

Tangu wakati huo hakuna chombo kinachopanga kodi ya chumba cha mtu binafsi. Bei ni makubaliano ya pande mbili. Kutokana na hali hiyo, watu wengi walihitimisha kwamba mpangaji hana tena sheria. Hitimisho hilo ndilo linalowagharimu.

Sheria iliyopo leo

Upangaji wa nyumba za mijini unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Sheria hiyo ina sehemu nzima inayohusu upangaji. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, unaweza kufanywa kwa maandishi au kwa mdomo. Kwa hiyo, mama wa Katandala ni mpangaji halali ingawa hakuna karatasi iliyosainiwa.

Jambo la pili ni notisi. Pale ambapo pande mbili hazikutaja ukomo wa upangaji, sheria hutazama kipindi cha ulipaji kodi. Anayelipa kila mwezi huhesabiwa kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Anayetaka kuuvunja upangaji huo, awe mwenye nyumba au mpangaji, anapaswa kutoa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha malipo, nayo imalizike katika siku ya kulipa kodi.

Tuseme mama yule hulipa kila tarehe 1. Akipewa notisi tarehe 10 Januari, mwezi mmoja unatimia tarehe 10 Februari, na siku ya malipo inayofuata ni tarehe 1 Machi. Hapo ndipo notisi yake inapomalizika. Siku tatu haziwezi kuwa notisi. Ikiwa pande mbili zilikubaliana muda mwingine katika mkataba, muda huo ndio unaofuatwa.

Aliyelipa miezi sita kwa mkupuo ana haki ya kukaa miezi hiyo hadi iishe, maadamu anatimiza masharti. Nyumba kupata mnunuzi au mpangaji mwenye dau kubwa zaidi hakufuti fedha zilizokwisha kupokewa. Naye mpangaji ambaye muda wake umeisha, kisha mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi yake kama kawaida, haachwi hewani. Huchukuliwa kuwa anaendelea kupanga mwezi hadi mwezi kwa masharti yale yale.

Kung'oa mlango ni jinai

Wapo wenye nyumba ambao, wakichoka kusubiri, hung'oa mlango, huezua bati, hukata umeme au hufunga choo. Wengine huja na vijana wa mtaani kutupa vyombo nje. Hufanya hivyo wakiamini kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa kuingia katika nyumba yake mwenyewe.

Kanuni ya Adhabu inasema vinginevyo. Kuingia katika nyumba au ardhi kwa nguvu kwa lengo la kuitwaa, iwe kwa kupiga, kutishia, kuvunja mlango au kukusanya kundi la watu, ni kosa la jinai, na kosa hilo haliondoki kwa sababu tu aliyeingia ana haki ya kuimiliki mali hiyo. Sheria inalinda amani ya anayeishi humo hadi mgogoro uamuliwe.

Mwenye nyumba aliyekataliwa na mpangaji wake anapaswa kwenda katika chombo cha kisheria, apate amri, kisha amri hiyo itekelezwe na dalali aliyeidhinishwa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kusuluhisha na kushuhudia makubaliano, lakini hana mamlaka ya kutoa amri ya kumwondoa mtu. Hali kadhalika askari polisi: kazi yake ni kuzuia uvunjifu wa amani, wala si kumhamisha mpangaji kwa ombi la mwenye nyumba.

Bati linalovuja ni la nani?

Sheria ya Ardhi inaingiza masharti kadhaa katika kila upangaji, hata kama hayakutamkwa. Mwenye nyumba anawajibika kumwacha mpangaji aishi kwa utulivu bila kuingiliwa. Anawajibika kutunza paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wapangaji wote kwa pamoja. Nyumba ya kuishi inapaswa kufaa kwa makazi ya binadamu siku mpangaji anapoingia, na iendelee kufaa wakati wote wa upangaji.

Kwa maana hiyo, bati linalovuja na ukuta wa nje uliopasuka ni vya mwenye nyumba. Katika nyumba ya vyumba vingi yenye choo kimoja uani, choo hicho nacho ni chake. Mpangaji kwa upande wake anapaswa kulipa kodi kwa wakati, kutunza chumba, kurekebisha alichokiharibu, kumruhusu mwenye nyumba kukagua kwa taarifa, na kutompangisha mtu mwingine bila idhini.

Katika uwanda wa Ufipa, suala la nyumba kufaa lina uzito wa pekee. Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu wakiwa usingizini. Chumba kisicho na dirisha la kufunguka wala tundu la hewa ni hatari katika mji wowote. Katika mji wa baridi kama Sumbawanga, hatari hiyo huongezeka maradufu. Mpangaji asilale na jiko linalowaka, na mwenye nyumba asipangishe chumba kisichopitisha hewa.

Pale ambapo choo kinafurika au nyumba inahatarisha afya, mpangaji anaweza kumwona afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa hao uwezo wa kukagua majengo na kumtaka mhusika aondoe kero. Njia hii ni ya haraka kuliko kufungua shauri.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Mpangaji asisitishe kulipa kodi kwa uamuzi wake mwenyewe eti kwa sababu nyumba haijakarabatiwa. Akifika mbele ya baraza akiwa na deni, mlalamikaji anageuka kuwa mdaiwa. Ni afadhali alipe, atunze risiti, na adai ukarabati kwa maandishi.

Kodi ya jengo ndani ya umeme

Kuanzia Agosti 2021, kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi Sh 1,500, sawa na Sh 18,000 kwa mwaka.

Kodi hiyo kisheria ni ya mmiliki wa jengo. Kwa kuwa anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, yeye ndiye anayekatwa. Njia ya busara ni kukubaliana mapema, na kuandika katika mkataba, kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi ya pango. Ujumbe wa simu unaoonyesha makato ya kila mwezi utunzwe kama ushahidi.

Karatasi moja yenye thamani

Migogoro mingi ya upangaji hugeuka kuwa neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Mkataba hauhitaji kuwa na lugha ya kitaalamu. Ukurasa mmoja wa daftari, ulioandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa na pande zote mbili pamoja na mashahidi, unatosha kuanza nao. Uwe na mambo yafuatayo:

- Majina ya mwenye nyumba na mpangaji, na mahali nyumba ilipo.
- Kiasi cha kodi, siku ya kulipa, na kipindi kilicholipiwa.
- Tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na muda wa notisi.
- Nani anakarabati nini, na nani analipa maji, umeme, taka na kodi ya jengo.
- Hali ya chumba siku ya kuingia: milango, vitasa, vioo, bati na choo.

Sheria inataka mkataba wa upangaji ulipiwe ushuru wa stempu. Usipolipiwa, unaweza kukataliwa kama kielelezo hadi ushuru huo ulipwe, hivyo ni vyema kulimaliza jambo hilo mapema.

Kama mwenye nyumba hataki kuandika mkataba, bado mpangaji anaweza kujijengea ushahidi. Alipe kwa njia ya simu na kutunza ujumbe wa muamala. Akilipa taslimu, aombe saini katika daftari. Akilalamikia paa, atume ujumbe wa maandishi wenye tarehe na apige picha. Mwenye nyumba akikataa kupokea kodi ili kutengeneza deni, mpangaji atume fedha hizo kwa njia yenye kumbukumbu, na zikirudishwa azihifadhi na kumjulisha mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi.

Pa kwenda mgogoro unapozuka

Hatua ya kwanza ni mazungumzo mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Makubaliano yakifikiwa, yaandikwe na kila upande ubaki na nakala.

Hatua ya pili ni Baraza la Kata. Kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, baraza hilo halitoi hukumu tena katika migogoro ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, hutoa cheti kinachothibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, mlalamikaji anaweza kusonga mbele bila cheti.

Hatua ya tatu ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lipo Sumbawanga. Hapa ndipo shauri husikilizwa na kuamuliwa. Mpangaji anayekabiliwa na kuondolewa aombe pia zuio la muda, ili abaki ndani hadi shauri lake litakapokwisha. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo ina masjala yake mjini Sumbawanga. Kwa hiyo mkazi wa Rukwa halazimiki kusafiri hadi Mbeya au Dar es Salaam kutafuta haki hiyo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili hajaachwa mikono mitupu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao husaidia kuandika malalamiko na kuelekeza taratibu bila malipo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imepeleka huduma hizo mikoani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa ni mahali pazuri pa kuulizia wasaidizi hao.

Pengo lililobaki

Pamoja na hayo yote, sheria iliyopo haijibu maswali mawili yanayomuumiza zaidi mpangaji maskini. Haiweki kikomo cha kodi inayoweza kudaiwa kwa mkupuo, wala haisemi kodi ipande kwa kiasi gani na kwa taarifa ya muda gani. Mwenye nyumba asiyeweza kumfukuza mpangaji kwa siku tatu anaweza kumfukuza kwa bei.

Majirani wamejaribu njia tofauti. Uganda ilipitisha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji mwaka 2022, inayotaka amri ya mahakama kabla ya kumwondoa mtu na kuweka asilimia 10 kuwa ukomo wa kawaida wa kupandisha kodi kwa mwaka. Kenya inayo sheria ya kudhibiti kodi ya tangu enzi za ukoloni, lakini kinga yake inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiasi kinachoziacha nje nyumba nyingi za mijini. Funzo la Kenya linafanana na la Tanzania ya mwaka 1984: kiwango kilichogandishwa katika sheria hupitwa na wakati.

Tanzania haihitaji kurudi kwenye bei za kupangiwa. Inahitaji sheria fupi itakayosema mambo machache: mkataba wa maandishi uwe wajibu wa mwenye nyumba, malipo ya mkupuo yawe na ukomo, kodi isipandishwe zaidi ya mara moja kwa mwaka tena kwa notisi, na atakayemwondoa mtu bila amri amlipe fidia.

Wenye nyumba nao wasikilizwe. Wengi wao si matajiri. Wapo wastaafu na wajane ambao vyumba vitatu vya kupangisha ndivyo pensheni yao, na mpangaji sugu asiyelipa huwaumiza kwelikweli. Mkataba wa maandishi na baraza linaloamua kwa haraka huwalinda hao pia. Kwa wakati huu, manispaa inaweza kuandaa mkataba wa mfano wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, na kuugawa katika ofisi zote za mitaa. Gharama yake ni ndogo.

Wakati sheria mpya ikisubiriwa, iliyopo itumike. Mpangaji atakayeambiwa siku tatu mvua zikinyesha hana haja ya kugombana mlangoni. Ajibu kwa utulivu kwamba anaomba notisi ya maandishi, achukue risiti zake, na aende kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo.